Msimwachishe Idi Kiswahili

Bondeni, Nakuru

Mwanangu Rashid,

Salamu nyingi kwako na kwa Zainabu. Sisi hapa wazima, isipokuwa babako presha imempanda tena tangu baridi ianze, na magoti yangu unayajua. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hatufiki mbali. Nikianza tu, unaniambia "Mama, tutaongea," mara uko kazini, mara mko njiani. Uisome ukiwa umetulia, na mkeo umsomee, maana neno hili ni lake kama lilivyo lako.

Habari ya visa imenifurahisha sana. Zainabu amesota na ile mitihani, akisoma usiku huku mtoto hajalala, na leo hospitali ya Uingereza inamwita. Mwambie nimemsifu mtaa mzima. Lakini juzi uliponiambia kwamba mmeamua nyumba yenu iwe Kiingereza kitupu, "ili Idi asichanganyikiwe," usingizi ulinipaa. Ukaongeza kwamba hata mimi nikipiga simu nijaribu kumsemesha Kiingereza. Nilinyamaza kwa sababu babako alikuwa karibu. Sasa nasema: msimwachishe mtoto Kiswahili, Rashid.

Najua hamkujitungia. Yule mtaalamu mliyempelekea huko Kisumu ndiye aliyewaambia kwamba mtoto mwenye usonji, hiyo autism ya Kiingereza, hawezi kubeba lugha mbili, mchague moja. Mengine aliyowaambia yalikuwa ya maana, na alifanya vyema kutaka masikio yapimwe kwanza kabla ya lolote. Ila la lugha alikosea, na si yeye peke yake. Miaka yote niliyofundisha kitengo maalumu cha watoto wenye ulemavu nimelisikia hilo kwa walimu wenzangu, kwa manesi, hata kwa wazazi wakiambiana getini. Mwaka 2012 watafiti wawili wa Montreal, Kanada, Hambly na Fombonne, walichapisha utafiti wa watoto 75 wenye usonji, wengine wa nyumba za lugha moja, wengine wa lugha mbili. Hao wa lugha mbili hawakuwa nyuma ya wenzao katika kusema. Utafiti mwingine uliofuata ukasema vivyo hivyo. Usonji ndio uliomchelewesha Idi. Kiswahili hakikumfanya lolote.

Halafu hebu jiulize, haya maneno machache aliyo nayo ni ya lugha gani?

Alipokuwa hapa Aprili sukari iliisha. Akaingia jikoni, akalichukua kopo, akalifungua, akachungulia ndani, kisha akasema kwa sauti ileile ya mwanamke wa kwenye simu, polepole, kila neno mahali pake: "Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa." Akanitia kopo mkononi. Jioni babako akachelewa kurudi kutoka msikitini. Idi akasimama mlangoni akitazama barabara. "Hapatikani kwa sasa." Nilipomwambia babu anakuja, akakaa chini pale kizingitini akangoja.

Hilo neno amelisikia mara ngapi akiwapigia ninyi, kila mmoja yuko kazini? Analijua ni neno la kitu kinachotafutwa kisionekane. Akalichukua zima zima kama lilivyo, akalipeleka kwenye sukari na kwa babu yake. Huyo ni mtoto anayewaza, Rashid. Jirani anasema ni kasuku anaiga, nawe umeanza kuongea kama jirani. Zamani hata wataalamu walitaka kuiga kwa namna hii kukomeshwe. Kuanzia miaka ya 1980 Barry Prizant na wenzake huko Marekani wakawachunguza hawa watoto kwa makini, wakaona wanaiga kwa sababu: kuomba, kukubali, kukataa, kujituliza. Ukikomesha kuiga, umemnyang'anya usemi alio nao kabla hajapata mwingine.

Sasa mwalimu wa huko Uingereza atajuaje maana ya "hapatikani kwa sasa"? Atadhani ni kelele. Nunueni daftari. Upande mmoja andikeni kila sentensi ya Idi kama anavyoitamka, upande wa pili andikeni huisema lini na akiwa anataka nini, kwa Kiingereza hicho mnachokitaka. "Twende, twende, Kondele," ile ya makanga wa matatu huko Kisumu, maana yake amechoka kukaa ndani. "Pole, pole sana" maana yake yeye ndiye ameumia. Mwalimu apewe daftari siku ya kwanza. Na ninyi nyumbani, akileta sentensi yake, mjibuni kwa fupi inayofaa pale pale: "Sukari imeisha. Imeisha kabisa." Msimlazimishe kurudia. Siku moja atalichukua hilo "imeisha" kama alivyolichukua lile la simu.

Zainabu namheshimu, lakini la uji aliache. Mtoto akisema "Unataka uji?" hamwulizi mtu, anaomba. Ndivyo sentensi inavyokuja kila siku pamoja na kikombe, naye ameishika ilivyo. Leo Kanner, yule daktari wa Baltimore aliyeeleza habari za watoto 11 katika makala yake ya mwaka 1943, aliyaona hayohayo: mtoto anajiita "wewe," na akitaka kukubali anarudia swali aliloulizwa. Watatu kati ya wale 11 walikuwa bado hawajasema kabisa alipokuwa akiandika. Kwa hiyo Idi si wa kwanza wala hakukosa adabu. Mkeo aseme kwa niaba yake, "Nataka uji," halafu ampe. Kumzuilia kikombe mpaka alipatie ni kumfundisha kulia. Nilimwona akifanya hivyo Idi akiwa na njaa, nikatoka nje.

Na wewe, acha kuwaambia wageni "huyu haongei" akiwa amesimama hapo. Ile siku ya mwisho nilimnong'oneza babako kwamba funguo za stoo ziko chini ya mto. Babako hakusikia. Idi alikuwa amelala chini na vifuniko vyake vya soda, mgongo ametupa sisi, hakugeuka hata kidogo. Dakika mbili baadaye funguo ziko mezani.

Kabla sijasahau, mahindi ya Subukia yameingiwa na viwavi jeshi. Babako amepulizia dawa lakini anasema safu za chini zimeshaliwa. Mwaka huu msitarajie gunia letu, labda nusu. Paa la jikoni nalo linavuja upande wa jiko, na fundi ametaka mabati matatu na misumari. Sikuombi pesa sasa, najua tiketi zimewamaliza. Nakuambia tu ujue.

Turudi kwa Idi. Mnafikiri Kiingereza kitampa mtoto kinywa kwa sababu huko shule ni Kiingereza. Cha shule atakipata shuleni, saa zote za mchana, kwa watu waliozaliwa nacho. Nyumbani anahitaji watu wanaosema bila kujikamua. Nimekusikia ukimsemesha Kiingereza kwenye simu: kaa, kula, njoo, acha. Amri tupu. Hadithi huna, wimbo huna, hata kumtania huwezi. Kwa Kiswahili unamtania mpaka anacheka akianguka, na mtoto hujifunza kusema pale panapochekwa. Ukimwondolea hicho umemwachia baba anayetoa amri.

Na akishapata maneno, atamsemesha nani? Babako Kiingereza hana. Nyanya yake wa Mumias hana. Binamu zake hapa Bondeni wanacheza kwa Kiswahili, wanagombana kwa Kiswahili. Mtoto ambaye kusema kwake ni kazi nzito mnataka mumpunguzie watu wa kusema nao? Hilo ndilo linaniuma usiku. Kama hatasema kamwe nitampenda vilevile, na hilo pia lazima mlikubali, kwa maana wako watoto wengi wanaofika utu uzima na maneno machache sana au bila hata moja. Lakini asiseme, halafu hata kile anachokielewa akisikie kwa lugha ya wageni tu, mbali na sisi wote? Hapana.

Ndiyo maana kadi zake za picha nazo mzibebe, zile anazompa mtu kuomba kitu. Nimezikata upya kwa karatasi ngumu na kuzifunika kwa selotepu pande zote mbili, kwa sababu alizitafuna zile za kwanza: kikombe, choo, nje, kulala, kelele zimezidi, inatosha. Kila moja nimeandika Kiswahili juu na Kiingereza chini. Mbinu hii ya kubadilishana picha ilianzishwa na Andy Bondy na Lori Frost huko Delaware mwaka 1985, na tuliitumia darasani kwa watoto ambao hawakuwa na neno. Shangazi zako wanasema picha zitamfanya mvivu wa kusema. Tafiti zimeonyesha kwamba hazizuii usemi, na watoto wengine huanza kusema zaidi baada ya kuzizoea. Anayeweza kuomba kitu hana haja ya kujigonga kichwa ukutani.

Mtengenezeeni pia kadi za safari, zifuatane kwenye kamba moja: gari, uwanja wa ndege, foleni, ndege, nyumba mpya. Mwonyesheni kuanzia sasa, kila jioni, si siku ya kuondoka. Zile hedifoni za kuzuia kelele zisiwekwe kwenye begi la chini ya ndege. Na ripoti yake ya asesmenti, karatasi za kupimwa masikio na kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, toeni nakala, muache seti moja kwangu.

Mkifika, msikae mkingoja mwalimu aone. Sheria ya England ya mwaka 2014 inawaruhusu wazazi wenyewe kuiandikia halmashauri ya mji kuomba mtoto apimwe ili apewe mpango wa elimu, afya na malezi. Andikeni mapema, maana mambo hayo huvuta. Na siku mtaalamu wa usemi atakapomwona Idi, mwambieni waziwazi nyumbani ni Kiswahili, na muombe mkalimani. Chama cha kitaaluma cha wataalamu hao huko kinawaelekeza wawasaidie wazazi kuendelea na lugha ya nyumbani, na mtoto wa lugha mbili apimwe kwa lugha zote mbili. Akipimwa kwa Kiingereza peke yake ataonekana hajui kitu, na hilo litaandikwa kwenye faili lifuatane naye shule hadi shule. Zainabu ni nesi, anajua jinsi faili linavyotangulia mgonjwa mlangoni.

Mwanangu, umemlea vizuri. Sikuambii hivi mara kwa mara, na najua unaona nakukosoa tu. Wanaume wangapi mtaani hapa waliambiwa mtoto ana usonji wakamwachia mama mzigo, wakaanza kutafuta nani alimloga? Wewe ulichukua likizo bila malipo ukakaa naye. Ulijifunza kumkata kucha akiwa amelala. Ulikataa waliposema akatwe utando wa chini ya ulimi. Kwa hayo nakushukuru mbele ya Mungu. Ndiyo maana nashangaa neno moja la mtu mmoja mwenye koti jeupe limekutoa kwenye lugha yako kwa wiki tatu.

Tupange simu. Kwa majira haya ninyi mtakuwa nyuma yetu kwa saa mbili, baridi yao ikiingia zitakuwa tatu. Nipigieni kabla hajalala, kila siku, hata kama hatazami kioo. Mimi nitaimba na kumsimulia kuku wametaga mangapi. Asipojibu ni sawa, mwacheni acheze na vifuniko vyake. Msimwambie "msalimie nyanya, msalimie nyanya" mpaka akimbie. Simu iwekeni mezani tu, sauti yangu iwe mle chumbani.

Mwanaidi anakusalimu, anasema karo imebaki kidogo na mwalimu mkuu amekubali kungoja hadi mwisho wa muhula. Miwani ya babako imevunjika mkono, anaifunga na uzi. Kitanda cha Idi msikiuze, kileteni hapa na lile blanketi zito, akija likizo akute vitu vyake. Masufuria mpeni dada yake Zainabu, mimi ninayo ya kutosha.

Nijibu kabla ya Ijumaa. La kitanda unaweza kuniandikia. La Kiswahili nipigie, nilisikie kwa kinywa chako mwenyewe.

Mamako