Bei ya Usiku Mmoja Bandarini

La Rochelle, Ufaransa
18 Novemba

Sahibu yangu Bakari,

Assalaam aleikum. Barua yako ilinifikia Jumatatu jioni, nikaisomea hapo hapo gatini, mikono bado ina rangi ya kupaka chini ya boti. Nimeshukuru kusikia mama amepata nafuu ya magoti, na zaidi kwamba wewe na Hamadi mmekubaliana kuhusu kile kipande cha ufuo upande wa Mnarani. Umeniuliza wageni wa boti za matanga hulipa nini huku na hupewa nini kwa pesa hizo, ili nanyi mjue muweke nini pale Kilifi. Nimetoa daftari langu la risiti za misimu minne, nakujibu nikiwa nalo mbele yangu.

Karibu kila marina ya huku, yaani bandari ya boti za matembezi, hutoza kwa urefu wa boti na kwa usiku. Urefu wanaouhesabu ni wa chombo kizima, kuanzia ncha ya omo mbele hadi mwisho wa tezi nyuma, na kwingine hata nanga iliyotokeza mbele huingizwa. Bei zimekatwa kwa madaraja, kwa hiyo boti ikizidi mita 12 kwa kiganja kimoja tu hupanda daraja. Nimeona manahodha wakibishana na karani kwa sentimita 10. Katamarani, boti ya viwiliwili viwili, kwa kuwa hukalia nafasi ya boti mbili, hulipa mara moja na nusu, na mahali pengine mara mbili. Halafu kuna msimu. Julai na Agosti bei ziko juu kabisa; ukija Oktoba, gati lile lile, nafasi ile ile, unaweza kulipa karibu nusu. Juu yake huongezwa kodi ya wageni, senti chache kwa kila kichwa, ambayo hukusanywa kwa ajili ya mji.

Ila bei iliyobandikwa ukutani isikudanganye, Bakari. Msimu wa pili tulikuwa na boti ya mita 12, watu wanne. Marina moja ilitoza yuro 50, na jirani yake yuro 38. Nahodha akachagua ya 38. Asubuhi tukaletewa hesabu: umeme yuro 6, maji ya kujaza tangi yuro 4, na bafu ni kwa sarafu maalumu ya yuro 2 na nusu kwa kila mtu. Jumla 58. Ile ya 50 ilikuwa na kila kitu ndani yake, maji ya moto usipimiwe. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza redioni, kabla ya bei, ni: ndani yake mna nini?

Sasa nikupe mfano wa hapa hapa ninapokaa, maana eneo hili lina kila aina ya mahali pa kulala ndani ya safari ya saa chache. La Rochelle peke yake ina sehemu mbili za kufunga boti. Ya kwanza ni Les Minimes, marina kubwa mno, nafasi zake zapita 4,500, na boti kama yetu huingia karibu saa zote za maji. Ukikaribia unaita kwenye redio chaneli 9. Wakati wa joto hutoka kijana na boti ya mpira, akakuuliza urefu, upana na kina cha mkuku chini ya maji, kisha akatangulia mpaka penye nafasi yako. Usiku wa kwanza nilipoingia pale ilikuwa inanyesha, saa tano usiku. Yule kijana alipita ubavuni mwetu, akashika kamba yetu ya mbele kwa mkono mmoja, akaizungusha kwenye chuma cha gati, halafu akanimulikia tochi palipo na bomba la maji na soketi ya umeme. Hakusema zaidi ya maneno matano. Nilimkumbuka kwa miaka.

Kuzunguka Les Minimes utapata mafundi wa matanga, mafundi wa injini, winchi za kupandisha boti nchi kavu, maduka ya vipuri. Ukiwa na kitu kilichovunjika, hapo ndipo. Lakini mji uko mbali kidogo, na wengi hupanda kivuko kidogo cha abiria, dakika kama 20, kwenda kununua mkate na samaki.

Ya pili ni bandari ya kale, katikati ya mji, unapita kati ya minara miwili ya mawe ambako zamani walitandaza mnyororo kufunga mlango. Hapo ukishuka tu uko sokoni. Uzuri wake hauelezeki, na mimi kila mara nikipita pale hukumbuka mji wa kale wa Mombasa ukiutazama kutoka majini. Lakini nyuma kuna mabwawa yenye milango inayofunguliwa maji yakiwa yamejaa tu, na nje ya milango kina ni kidogo. Maji ya hapa siku za bamvua, zile za maji makubwa, hupanda na kushuka karibu mita 6. Ukikosa saa ya mlango, unangoja maji yajayo. Na Agosti muziki wa mikahawa hauishi hadi usiku wa manane. Wazee wawili tuliowapelekea boti walilala huko usiku mmoja, wa pili wakaomba tuwahamishe.

Ng'ambo kuna kisiwa cha Ré, na bandari yake ya Saint-Martin ndiyo inayopendwa kuliko zote. Nayo ina mlango. Boti hufungwa ubavu kwa ubavu, tano au sita, hivi kwamba wa mwisho akitaka kwenda nchi kavu hupita juu ya sitaha za wenzake wote. Dafrao zako zote, yale maputo ya kukinga ubavu, utaziteremsha, na bado hazitoshi. Watu hulipa bei ya juu, hubanwa hivyo, na mwaka ujao hurudi. Kwa nini? Kwa sababu ukiamka uko ndani ya mji mzuri, na maji ndani ya bwawa hayatikisiki.

Kisha kuna kisiwa kidogo cha Aix, ambako hakuna marina. Kuna maboya ya wageni, yanayoelea yakishikwa na mnyororo uliofungwa chini baharini. Unafunga kwenye boya, unashuka kwa dingi, kile kiboti kidogo cha kufikia nchi kavu, unatembea kisiwani, unarudi kulala. Hakuna soketi ya umeme, hakuna bafu ubavuni mwako, na upepo ukigeuka vibaya utacheza ngoma usiku kucha. Lakini bei yake ni nafuu sana kuliko ya gati, na siku za utulivu maboya hujaa mapema. Mimi nimelala pale mara nyingi kuliko kwingine kote, na nahodha wangu pia angechagua pale akiwa na pesa zake mwenyewe.

Nimekueleza Aix kwa urefu kwa makusudi. Katika barua yako umeandika kwamba fundi fulani amewashauri mjenge gati linaloelea, lenye nafasi 20, kama la Ulaya. Bakari, nakusihi msianze na hilo. Gati linaloelea ni vyuma, maplastiki, minyororo na nguzo, na kila kimoja huliwa na jua na chumvi. Huku wana mamia ya boti zinazolipa mwaka mzima kubeba gharama hiyo. Mgeni wa usiku mmoja ni nyongeza tu. Hori letu la Kilifi limekingwa tayari. Mungu amelifanya lile ambalo wenzetu hapa wamelijengea kuta za mawe. Anayefika Kilifi kutoka Shelisheli au Madagaska ametoka siku nyingi baharini, ana umeme wake wa jua na tangi lake. Anachotafuta ni mahali ambapo ataiacha boti akaenda mjini, hata akaenda mbugani wiki nzima, na akirudi aikute alipoiacha.

Basi wekeni maboya. Lakini muyaweke kwa haki yake, na hapa nataka unisikilize kwa makini, kwa sababu ya jambo lililotupata.

Ilikuwa bandari ndogo, si hapa. Maboya yao yalikuwa ya bei nafuu, tukafurahi. Saa nane za usiku nilisikia sauti ya mawimbi imebadilika, nikatoka, nikaona taa za nchi kavu zimesogea. Tulikuwa tunakwenda na boya letu, taratibu, kuelekea miambani. Tuliwasha injini, alhamdulillahi ikawaka mara moja. Kulipopambazuka tulivuta kile kipande cha mnyororo kilichobaki. Pete ya chuma ya mwisho ilikuwa imelika pande zote mbili mpaka imekuwa nyembamba kama njiti ya kiberiti, halafu imekatika. Mnyororo wa juu ulikuwa mpya, unang'aa. Wa chini hakuna aliyeutazama.

Mnyororo hulika zaidi pale unapoinuka na kulala tena juu ya mchanga, maji yakijaa na kupwa. Ni hapo mzamiaji wako aangalie kila mwaka, kabla ya upepo wa kusi kushika, na aandike kwenye daftari: boya namba fulani, unene wa mnyororo, tarehe. Mgeni akiuliza, mwonyeshe daftari. Nakuhakikishia ukurasa huo utawaleta wageni kuliko bango lolote.

Na zege mnalotaka kuzamisha la kushikia mnyororo, msilipime kwa uzito wa nchi kavu. Maji hubeba sehemu yake. Zege la tani 2 likishazama hubaki na uzito wa tani 1 na kidogo tu. Kule kwetu bamvua nayo si mchezo, maji hupanda kwa zaidi ya mita 3. Mnyororo ukiwa mfupi, maji yakijaa boti italinyanyua zege. Ukiwa mrefu, maji yakipwa boti itazunguka duara kubwa na kumgonga jirani. Kwa hiyo nafasi kati ya boya na boya ipimwe wakati wa maji kupwa, si wakati yamejaa na hori linapendeza.

Nchi kavu, anzeni na vitu vichache vilivyo safi. Ngazi imara ya kushukia dingi, inayofika majini hata maji yakipwa kabisa, kwa sababu mwanamke mwenye kikapu cha sokoni hataki kukanyaga matope hadi magotini. Maji matamu ya bomba. Bafu mbili zenye kitasa kinachofunga. Mahali pa kutupa taka na mafuta machafu ya injini, yasije yakamwagwa horini ambako watoto wetu huogelea. Na mlinzi wa usiku anayelipwa mshahara wake kwa wakati.

Bei muiweke moja, kwa wiki na kwa mwezi, kila kitu ndani yake, iandikwe ubaoni kwa Kiswahili na Kiingereza. Huku baadhi hukupa usiku wa saba bure ukilipa sita. Nayo ni desturi nzuri ya kuiga, kwani mgeni akishakaa wiki ndipo anatafuta fundi, fundi cherehani wa matanga, mama wa samosa, dereva wa tuktuk. Pesa nyingi zitaingia mtaani kuliko kwenye boya lenyewe, na ndiyo maana wavuvi washirikishwe tangu mwanzo. Nendeni kwa wazee wa BMU, kile kikundi cha kusimamia ufuo na uvuvi, kabla hamjazamisha jiwe hata moja. Pale wanapovutia nyavu zao msiweke boya, hata kama kina chake ndicho kizuri kuliko vyote. Vibali vya serikali navyo mvifuate kikamilifu, msikubali njia ya mkato.

Nina ombi moja. Bamvua ijayo, maji yakipwa, chukueni kidau wewe na Hamadi, mpime kina kwa kamba yenye kipande cha uzito mwishoni, kila hatua kutoka kwenye lile jabali hadi katikati ya mkondo. Mpake nta chini ya kipande hicho, mwone kinarudi na tope, mchanga au matumbawe. Niandikie yote, pamoja na picha ya ufuo. Hapa kuna mzee aliyeweka maboya kwa miaka 30, amenikubalia kukaa nami Jumapili moja achore mpango wenyewe. Nikipata vipimo kabla ya Januari, nitakuletea mchoro mkononi nikija Machi.

Msalimie mama, mwambie yale mafuta ya magoti nimeshayanunua.

Ndugu yako,
Athman