Mwambie kaka yako afungue zile barua

Houston, Jumapili usiku

Mpenzi Zuhura,

Salamu nyingi, na uniwie radhi kwa haraka, kesho asubuhi nina kesi. Mama hajambo? Magoti je? Sisi wazima, ila hili joto.

Shoga, nakuandikia kwa ajili ya kaka yako. Nilipita kwake kuchukua mzigo wa Mama Rehema, nikakuta droo ya jikoni imejaa barua za rejista kutoka chama cha wenye nyumba cha mtaa wao, kile kinachosimamia masharti ya mtaa na kutoza ada kila mwenye nyumba. Hajafungua hata moja! Eti, "Hawa wazee hawanitawali kwenye nyumba yangu." Nikaanza kumweleza, akanikata kauli kwamba mawakili sote tunatafuta hela. Mimi, ambaye kutwa kazi yangu ni kuvishtaki vyama hivyohivyo! (Hajawa mteja wangu, ndiyo maana nakusimulia. Akishakuwa mteja, hata rangi ya shati lake hutaisikia kwangu.)

Chanzo ni mchicha. Alilima matuta mbele ya nyumba, chama kikamwandikia, kikampiga faini, naye kwa hasira akagoma kulipa hata ada ya mwaka. Hapo ndipo alipojitia kitanzi. Kwa faini tupu, sheria ya Texas hairuhusu nyumba ya mtu iuzwe. Kwa ada, inauzwa. Anajitapa kwamba nyumba ya kuishi huku haishikwi kwa deni. Kwa deni la hospitali au la kadi ya benki, sawa. Lakini Mahakama ya Juu ya Texas ilishaamua mwaka 1987 kwamba ada ya chama haizuiliwi na kinga hiyo, kwa sababu sharti lake liliwekwa kwenye ardhi kabla mnunuzi hajafika.

Wala sitii chumvi. Hapahapa Houston, mwaka 2001, nyumba ya mjane wa miaka 82, yenye thamani ya dola 150,000 hivi, ilipigwa mnada kwa dola 5,000 kwa sababu ya ada isiyofika dola elfu moja. Watu walipiga kelele mpaka bunge la Texas likapitisha sheria mwaka huohuo, na ndiyo ninayotembea nayo mahakamani.

Kinachoniuma ni kwamba bado ana nafasi. Chama kama chao lazima kimpe utaratibu wa kulipa kidogokidogo, usiopungua miezi mitatu, na hela yake ianze kufuta ada, faini baadaye. Hata baada ya mnada kuna siku 180 za kuikomboa nyumba, ingawa gharama yake hiyo... tusifike huko. Ila kila barua ina tarehe yake ya mwisho, na zote zimelala drooni huku malipo ya wakili wa chama yakiongezwa juu ya deni. Minada huku ni Jumanne ya kwanza ya kila mwezi, Zuhura.

Mpigie. Usiseme nimekuandikia, atanuna mpaka Idi.

Bado anakusikiliza, au nimwendee Mjomba Salehe? Wifi yako anajua lolote? Hati ya nyumba ina jina la kaka yako peke yake, au na la Mama, maana si alichangia? Kesi ya shamba la Pongwe imeishia wapi? Na hizo mbegu za mchicha, si wewe uliyemtumia?

Wako,
Mwanaidi