Vimondo vya Jauza

Maskati,
17 Desemba 2023

Kwa Baba mpendwa,

Assalaam alaykum. Shikamoo. Ama baada ya salamu, sisi huku wazima, hofu yetu ni kwenu. Pesa za bati nimetuma jana, Mama atakupa habari zake.

Baba, nina swali, ila kwanza nikuhadithie. Usiku wa kuamkia Ijumaa mimi na wenzangu wa kazini tulikwenda jangwa la Sharqiya kutazama vimondo. Mwezi ulikuwa mchanga, ulishatua mapema, na taa hakuna hata moja. Tukalala chali mchangani, tumejifunika mablanketi kwa baridi. Nusu saa ya kwanza hatukuona cha maana, maana macho yanataka muda kuzoea giza, na anayewasha simu anaanza upya. Ilipofika saa sita nikaanza kuhesabu. Mpaka saa saba nimefikisha 83! Kimoja kilikuwa cha kijani, kikatumulika mpaka tukaonana nyuso.

Kila kimondo, ukiufuata mkia wake kwa nyuma, unakufikisha kwenye Jauza, lile kundi la nyota liitwalo pia Mapacha. Havitoki kwenye nyota zile. Vinakuja sambamba kutoka mbali, ndiyo maana vinaonekana vimeanzia pamoja, kama kingo za barabara ndefu zinavyoonekana kukutana kule mbele.

Asili ya vimondo hivi ni jiwe kubwa linalolizunguka Jua, linaitwa Phaethon, upana wake kilomita tano na kitu. Liligunduliwa mwaka 1983 kwa setilaiti. Kila miezi 17 hivi linalisogelea Jua, karibu kuliko hata sayari ya Utaridi. Njia yake imejaa vumbi na changarawe zilizotoka kwake zamani, na kila Desemba dunia yetu inaikata njia hiyo. Vimondo vya Agosti asili yao ni nyota yenye mkia, na hilo ni rahisi kulielewa, kwa kuwa nyota hizo zina barafu inayogeuka mvuke na kuachia vumbi. Jiwe kavu kumwaga vumbi lote hili, wataalamu mpaka leo wanalijadili.

Kilichonishangaza zaidi ni udogo wa vimondo vyenyewe. Vingi vinavyowaka vile ni chembe za ukubwa wa mchanga, kubwa zake kama kokoto. Ni mbio tu: kilomita 35 kwa sekunde. Kutoka kwetu Wete mpaka mjini Unguja ni sekunde nne! Kwa mbio hizo vikiingia hewani huwaka na kwisha huko huko juu, kilomita 80 au zaidi kutoka tulipo. Marehemu Bibi akituambia kwamba ni shetani anapigwa. Maneno yake siyafuti. Mimi nakueleza tu kinachowaka kimetoka wapi.

Sasa swali langu. Usiku ule lilikuwa giza la mwezi, na najua giza hilo likiingia dagaa hawaachwi. Ulikuwa baharini? Mlipozima taa za kuvulia dagaa kurudi pwani, uliviona vimondo? Kwenu saa nane usiku Jauza ipo juu upande wa kaskazini, kama mawingu ya vuli yaliwaachia. Nataka kujua kama usiku mmoja sote wawili tulikuwa tunatazama kitu kimoja, wewe majini, mimi mchangani. Mwakani tarehe hizi mwezi utakuwa umekaribia kupevuka, vile vidogo vyote vitamezwa na mwanga.

Msalimie sana Mama na wadogo zangu.

Mwanao,
Saidi