Barua kwa Mwanangu Kuhusu Ujazo wa Tikiti

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, sote hatujambo. Barua yako imefika, na katika yote uliyoandika limenigusa lile neno lako kwamba kanuni ya ujazo wa tufe, yaani umbo la mviringo kama mpira, ni ya kukariri kwa ajili ya mtihani tu, na kwamba baada ya hapo haina kazi. Mimi mama yako nauza matikiti, na kanuni hiyo ndiyo inayonisaidia kupanga bei.

Tuseme mezani kuna matikiti mawili ya mviringo, moja lina kipenyo cha sentimita 20 nalo ni shilingi 3,000, jingine lina kipenyo cha sentimita 25 nalo ni shilingi 5,000. Mteja hulalamika kwamba hilo la pili limezidi kidogo tu. Sasa chukua nusu kipenyo kwa kipeo cha tatu, yaani nusu kipenyo mara nusu kipenyo mara nusu kipenyo, uzidishe kwa pai (3.1416), kisha kwa nne, ugawanye kwa tatu: la kwanza lina ujazo wa sentimita za ujazo 4,189, la pili 8,181, yaani karibu mara mbili. Tena hakuna anayekula ganda. Likiwa na unene wa sentimita moja na nusu pande zote, nyama ya tikiti dogo inabaki 2,572 na ya kubwa 5,575, kwa hiyo anayelipa 5,000 anapata zaidi ya mara mbili ya kile anachopata aliyelipa 3,000. Mwenye familia kubwa ningemshauri achukue kubwa, hata kama macho yake yanamwambia vingine.

Utaniuliza nusu kipenyo naipataje bila kulikata tikiti. Siipimi. Nazungusha futikamba ya fundi cherehani katikati, pale lilipo nene zaidi, napata mzingo. Mzingo huo kwa kipeo cha tatu naugawa kwa 59, na jibu ndilo ujazo. Hiyo 59 inatokana na pai kwa kipeo cha pili ikizidishwa kwa sita, ambayo ni 59.2, na ningependa uithibitishe mwenyewe kwa kuanza na mzingo kuwa pai mara mbili ya nusu kipenyo. Ijaribu kwa mpira wa miguu wa timu yenu: sheria za mchezo zinataka mzingo wa sentimita 68 hadi 70, hivyo ukitumia 69 utaona kwamba ndani yake mna nafasi ya lita tano na nusu hivi.

Usiniamini bila kupima. Jaza maji kwenye sufuria mpaka ukingoni, uiweke ndani ya beseni, uzamishe chungwa, kisha upime maji yaliyomwagika. Chungwa lenye ganda huelea, kwa hiyo lisukume chini kwa sindano na si kwa vidole, kwani vidole navyo vitamwaga maji. Chungwa la mzingo wa sentimita 24 litamwaga mililita zipatazo 233. Likipishana kidogo si kosa lako. Machungwa hayazaliwi tufe kamili.

Archimedes wa Syracuse, mwanahisabati wa Kigiriki wa kale, ndiye aliyethibitisha, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, kwamba ujazo wa tufe ni theluthi mbili ya ujazo wa mcheduara (umbo kama kopo) unaolibana pande zote, na alilithamini jambo hilo kiasi cha kutaka maumbo hayo mawili yachorwe kwenye kaburi lake.

Kuhusu yale matikiti marefu kama yai, usiyapime kwa mzingo mmoja, utapotea. Pima urefu, upana na kimo, zidisha vyote vitatu, kisha zidisha kwa 0.52. Nimelipima moja leo asubuhi: sentimita 36 kwa 22 kwa 22. Fanya hesabu yake, na katika barua ijayo unieleze hiyo 0.52 inatoka wapi.

Mama yako akupendaye.