Karatasi uliyonisomea

Mwanangu kipenzi,

Mama yako anakusalimu sana. Hapa Iowa baridi imeshaanza, nami bado niko zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama.

Juzi kwenye simu uliniuliza kwa nini Jumapili zote za utoto wako nilikuwa kwenye mikutano ya chama cha wafanyakazi. Nilikujibu harakaharaka, na jibu lile limenikosesha usingizi.

Mwaka wetu wa kwanza tangu tutoke kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, niliitwa ofisini. Vipande vya nyama vilikuwa vimenipita kwenye laini. Kisu kilikuwa butu na vidole vimekufa ganzi. Bosi alisema mengi kwa Kiingereza, kisha akanisogezea karatasi. Kambini ukipewa karatasi unasaini ili upate mgao. Nikasaini. Jioni ukanisomea, una miaka 11: nimekiri uzembe, na hilo ni onyo la mwisho. Ulishusha sauti mama yako asisikie. Sauti ile ndiyo iliyonipeleka chamani.

Huko mzee mmoja kutoka Mexico alinisimulia kisa cha mama wa Texas, muuza chakula dukani. Alituhumiwa kuchukua kuku wa dola 2.98 na kulipa dola 1. Akiwa anahojiwa, akaomba mwakilishi wa chama aketi naye, wakamkatalia. Kumbe alinunua wa dola 1 kweli, ila maboksi madogo yalikuwa yameisha, akatumia boksi kubwa! Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1975 ikaamuliwa kwamba mwanachama akihojiwa jambo linaloweza kumletea adhabu, ana haki ya kuwa na mwakilishi wake. Lakini lazima aombe mwenyewe.

Hapo ndipo penye ugumu, mwanangu. Wengi wetu tumevuka mipaka kwa kunyamaza mbele ya kila meza. Basi Jumapili zile tulikuwa tunafundishana sentensi moja ya Kiingereza, tunairudia kama watoto wa darasa la kwanza: naomba mwakilishi wangu. Siku hizi anayeitwa kuketi na wanaohojiwa ni mimi.

Mwezi ujao tunajadili mkataba mpya. Kurasa za muda wa kunoa visu na kuvaa vifaa vya kinga bado hazina Kiswahili. Zamani nilikutwisha kazi ya kunisomea bila kukuuliza, unisamehe. Safari hii nakuomba. Ukimaliza mitihani, nipigie tuzipitie pamoja, mstari kwa mstari.

Ni mimi baba yako.