Usimwachie hicho kiti

Somo yangu,

Salamu nyingi kutoka Mombasa. Nimesoma ujumbe wako, na hilo la kwamba "safari hii siombi ukuu wa kitengo, nimwachie mwenzangu" limenikera. Umwachie kwa lipi? Bajeti ya kitengo unaiandaa wewe, yeye hutia saini tu.

Kuajiriwa si tatizo kubwa tena. Ingia masijala au mapokezi, wanawake tele. Panda ngazi uone wanavyoadimika, na wala si kwa kutojua kazi. Semina inatangazwa Ijumaa jioni, safari Jumatatu. Bosi anasema, "Fulani ana mtoto mchanga, tusimsumbue." Fulani mwenyewe hajaulizwa. Siku ya mahojiano, faili lake halina cheti hata kimoja. Huruma hiyo mimi naiogopa kuliko chuki ya waziwazi. Mwenye chuki walau utabishana naye.

Watu hupenda kutaja Kifungu cha 27 cha Katiba ya Kenya, kile kinachotaka jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wajumbe katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Bunge lenyewe limekishindwa: mwaka 2020 Jaji Mkuu Maraga alimshauri Rais alivunje kwa ajili hiyo, nalo likamaliza muhula wake salama salimini. Wewe kasome cha 232. Kinataka wanaume na wanawake wapate nafasi sawa za kuteuliwa, kufunzwa na kupandishwa cheo, katika ngazi zote za utumishi wa umma. Kufunzwa kumo humo, kwa hiyo semina usiisubiri kama hisani.

Halafu huko kukaimu kwako. Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2017 inasema mtu asikaimu zaidi ya miezi sita. Wewe umebeba kazi ya mkuu wa kitengo tangu kabla ya Ramadhani iliyopita, bila barua wala posho! Omba barua kwa maandishi, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Ukimwambia bosi koridoni, kesho atakuuliza ulisema lini.

Mumeo akisema nyumba itayumba, mkumbushe nani alipika alipokuwa akisomea diploma yake ya jioni. (Usimwambie nimesema mimi.)

Nitumie fomu kabla ya Alhamisi niipitie. Najua kwenye kazi ulizofanya utajaza "nilisaidia kuandaa bajeti". Futa, andika "niliandaa".

Nisalimie mama na watoto.

Somo yako