Mwanangu, Zima Feni Kwanza

Kinondoni, Dar es Salaam
Jumapili asubuhi

Mwanangu mpendwa,

Habari yako imetufikia, kwamba mwenye mgahawa huko Mwanza amekubali kukuachia ukumbi wake Ijumaa moja kila mwezi ili uwaalike wapigaji wa muziki wa asili, na kwamba sasa unatafuta spika kubwa za kukodi pamoja na fundi mitambo wa kuzisimamia. Mama yako na mimi tumefurahi kuliko tunavyoweza kuandika. Kuhusu hizo spika, hata hivyo, nakuomba unisikilize kabla hujatoa fedha, kwa sababu jana usiku tulikuwa katika baa ndogo hapa mtaani, na niliyoyaona huko yananilazimu kukuandikia kabla hata sijanywa chai.

Baa yenyewe imejificha kwenye uchochoro, na usipoelekezwa utaipita. Haina meza zaidi ya kumi, na jana tulijaa watu 43 pamoja na wahudumu, wengine wakiwa wamekalia kreti za soda. Siku nyingine pale husikii kitu ila televisheni ya mpira na kelele za kaunta. Ilipofika saa mbili na nusu mwenye baa alizima televisheni, akamwambia mhudumu achomoe friji, kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia kabisa katika joto hili la Februari: akazima na feni. Mteja mmoja alinung'unika. Mwenye baa akamjibu kwa upole, "Vumilia kidogo, mjomba, utasikia kwa nini."

Mzee mmoja kutoka Dodoma alikuwa ameketi hatua mbili tu kutoka mezani kwetu, ameipakata ilimba kubwa. Wewe uliiona ilimba utotoni, lakini sidhani kama uliwahi kuitazama kwa karibu. Ni sanduku la mbao lenye vyuma vyembamba vilivyopangwa juu yake, na si vyote vinavyoguswa na vidole gumba; vingine vimewekwa ili vitikisike vyenyewe pale jirani zake wanapopigwa, vikiongeza mwangwi mwembamba usioweza kusema umetoka wapi. Ubaoni kuna tundu lililozibwa kwa utando laini wa buibui, ule unaofunika mayai yake, na utando huo ndio unaoipa kila noti mvumo kama wa nyuki aliye mbali. Sasa fikiri, mwanangu: utando wa buibui unashindanaje na friji? Pangaboi likizunguka juu ya vichwa, robo tatu ya chombo kile imekwisha kupotea kabla haijamfikia mtu wa meza ya pili. Tulipokuwa tumekaa kimya, jasho likitutoka mgongoni, niliusikia ule mvumo ukifika mpaka ukutani na kurudi.

Mpigaji mkubwa wa ala hiyo, kama ujuavyo, alikuwa marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyeufikisha muziki wa Dodoma kwenye majukwaa ya Ulaya na ambaye kwa miaka mingi makao yake yalikuwa Bagamoyo, ambako kilianzishwa Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Alifariki mwaka 2003. Wapo wanaosema kwamba, kwa kuwa yeye alipiga kwenye kumbi kubwa za nje, basi kila mpigaji anaweza kuwekewa spika na mambo yakaenda. Inawezekana, kwa mafundi wanaoijua ala yenyewe na kwa muda wa kutosha wa kujaribu sauti. Sisi mara nyingi hatuna hayo mawili, nami nasema hivyo kwa uchungu. Nilipokuwa kijana nilimshawishi mpigaji wa ilimba, rafiki wa babu yako, aje kupiga katika ukumbi mkubwa hapa mjini. Fundi aliisogeza maikrofoni mpaka ikakaribia kugusa ubao, na ule mvumo wa utando ukatoka kwenye spika kama bati linalokwaruzwa. Watu wakadhani chombo kimeharibika, wakaanza kuondoka. Mzee yule alimaliza wimbo wake, akakivika chombo kitambaa, wala hakunilaumu kwa neno hata moja. Kukubaliana na ukimya ule kumenichukua miaka mingi.

Nirudi kwenye jana. Baada ya ilimba ilikuja zeze, na mpigaji wake aliusugua kwanza upinde kwa kipande cha utomvu mkavu, taratibu, kama mtu anayenoa kisu. Halafu waliingia akina mama wanne wa Kigogo na ngoma za muheme, zile wanazozibana kati ya mapaja. Unyevu wa pwani ulikuwa umelegeza ngozi za ngoma hizo, na sauti ikatoka nzito isiyo na makali. Kiongozi wao hakubabaika hata kidogo. Alinyanyuka, akaenda nje kwa mchoma mishkaki, akamwomba asogeze nyama pembeni, na wote wanne wakazielekeza ngoma zao kwenye mkaa, wakizigonga kwa vidole na kusikiliza mpaka ziliporudi kukaza. Mishkaki yetu ilichelewa. Hakuna aliyelalamika, kwa maana kila mtu alikuwa ameona kwa macho yake muziki unatengenezwaje.

Walipoanza kuimba ndipo nilipoelewa vizuri zaidi udogo wa chumba una kazi gani. Nyimbo za Wagogo haziimbwi na mtu mmoja huku wengine wakitazama. Mmoja huanzisha, wengine huitikia kwa sauti zinazopandana, na waliozichunguza wameeleza kuwa sauti hizo hufuata mpangilio wa asili unaozaliwa ndani ya uzi mmoja unapotetema, ndiyo maana mtu asiyejua Kigogo huona kama sikio lake lilikwisha kuzijua. Dereva mmoja wa bodaboda, aliyekuwa akimsubiri abiria nje, alisogea mlangoni na helmeti yake mkononi akaanza kuitikia kwa Kigogo safi. Kiongozi alimgeukia yeye, akamwimbia yeye, na kwa ubeti mzima wimbo ule ulikuwa baina ya watu wawili, sisi wengine tukiwa mashahidi. Katika ukumbi wa watu 500 kijana yule asingesikika, wala asingethubutu.

Kwa hiyo, mwanangu, fedha ya spika iweke kwenye nauli na chakula cha wapigaji. Kiingilio cha jana kilikuwa shilingi 5,000, na chote kiliwaendea wao. Mwenye baa alijitosheleza na mauzo ya vinywaji. Jaribu kumshawishi mwenye mgahawa wako akubali utaratibu huo tangu mwanzo, tena kwa maandishi. Watu wetu hupenda kuwatunza wapigaji fedha, na ni desturi njema, ila jana waliwekewa kikapu mlangoni ili wasisimame katikati ya wimbo wa ilimba kwenda kumbandika mzee noti usoni. Kuhusu kibali, nenda kamwone afisa utamaduni mapema, usingoje wiki ya onyesho.

Watakaokuja wakiwa wengi kuliko viti, nakusihi usitafute ukumbi mkubwa zaidi. Ongeza usiku wa pili.

Nilizungumza na yule kiongozi wa muheme tulipokuwa tukiagana, nikamweleza habari zako. Amesema watakuja Mwanza wakitumiwa nauli ya basi na wakipata mahali pazuri pa kulala, nao hawana masharti mengine. Aliuliza jambo moja tu, akalirudia mara mbili ili nisilisahau: mgahawa huo unapikia mkaa au gesi? Nijibu hilo mapema nimpelekee habari.

Mama yako anakusalimu sana.

Ni mimi baba yako